Sydney siyo mji mkuu wa Australia?? Nimeliwa kreti ya soda

Mtoto wa Mbagala:
Wakuu habari, jana kijiweni tulikuwa na chemsha bongo ya miji mikuu, nikaulizwa Australia nikajibu Sydney fasta bila hata kufikiria, maana ndo mji tunaouona kwenye TV kila mwaka mpya fataki zinapigwa pale darajani. Walinicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Eti ni Canberra. Kreti nzima ya soda imeondoka hivyo hivyo. Sasa nauliza, jiji kubwa unalo tayari, unaliachaje unaenda kujenga mji mwingine porini?

Kipanga wa Jogorafia:
Pole ila umeliwa kihalali 😂 Hiyo ni bifu ya Sydney na Melbourne. Makoloni sita yalipoungana 1901 hawa wawili kila mmoja anataka makao makuu yawe kwake, wake wenza watupu. Ikabidi waandike kwenye katiba kabisa kwamba mji mkuu uwe ndani ya New South Wales, yaani jimbo la Sydney, ila usikae karibu na Sydney chini ya maili 100, kama kilomita 160 hivi. Melbourne nao wakapozwa, bunge likae kwao kwanza mpaka mji mpya uwe tayari, na wakakaa nalo mpaka 1927! Canberra yenyewe ilianza 1913.

fundi_ramani:
Mchoro wa mji walishindanisha, akashinda Mmarekani wa Chicago anaitwa Walter Burley Griffin, ila zile picha kali za mchoro alizichora mkewe, Marion Mahony. Ingia kwenye ramani ya setilaiti uangalie, mabarabara yanazunguka duara na ziwa lipo katikati, lile ziwa siyo la asili, waliziba mto, na lina jina la huyo jamaa. Mke hakuwekwa, ndo hivyo.

Mtoto wa Mbagala:
Kumbe ni kama Dodoma tu

Kipanga wa Jogorafia:
Hapana bana. Dodoma hakukuwa na miji miwili inagombana, TANU waliamua 1973 kwa vile ipo katikati ya nchi, halafu serikali ikaja kuhama kweli kweli kuanzia 2016. Dodoma mfananishe na Brasilia, Wabrazili waliiacha Rio pwani 1960 wakaingia ndani huko, au Wanaijeria na Abuja 1991. Ila ukitaka kurudisha soda zako waulize Bolivia. Wakisema La Paz, waambie katiba inasema Sucre, wakisema Sucre waambie serikali na bunge viko La Paz, hawachomoki.

Bi Mkubwa Tanga:
Huo sasa ni wizi 😂😂 Na wewe mwanangu wa Mbagala, kabla hujaweka kreti nyingine, Uturuki ni wapi?

Mtoto wa Mbagala:
Si Istanbul mama

Bi Mkubwa Tanga:
Ankara. Tangu 1923. Kaa nyumbani Ijumaa.