Mjadala: Ni haki Elvis kuandikwa mtunzi wa nyimbo ambazo hakuzitunga?

Wakuu, mada hii imenikaa moyoni siku nyingi.

Mwaka 1956 Elvis Presley alikwenda Hollywood kuigiza filamu yake ya kwanza, iliyokuwa iitwe The Reno Brothers. Aliimba nyimbo nne humo, na zote nne zina watunzi walewale wawili: Elvis Presley na Vera Matson. Kati ya hao wawili hakuna aliyezitunga.

Aliyefanya kazi ni Ken Darby, mwongozaji wa muziki wa filamu. Vera alikuwa mke wake. Kwa "Love Me Tender" Darby alichukua muziki wa "Aura Lee", wimbo wa mwaka 1861 wa George Poulton uliopendwa sana na askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akautilia maneno mapya. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kwa nini amemwandika mkewe pamoja na Elvis, alijibu kuwa mkewe naye hakuutunga.

Tena siku ya kurekodi, Agosti mwaka huo, Elvis hakuwa hata na wapigaji wake. Scotty Moore, Bill Black na D.J. Fontana waliachwa nje. Kampuni ya filamu, 20th Century Fox, ilileta wapigaji wake na waitikiaji wa Darby. Elvis alitia sauti kwenye kazi iliyopangwa na wengine. Tarehe 9 Septemba aliimba "Love Me Tender" kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na kabla santuri haijaingia dukani oda zilikuwa zimepita milioni moja. Filamu yenyewe ikabadilishwa jina, ikaitwa kwa jina la wimbo.

Sauti ile naipenda mno, na sina ubishi kwamba ndiyo iliyouza. Lakini palipoandikwa "mtunzi" paandikwe aliyetunga. Karibuni tujadili.

Mchangiaji:

Mleta mada, heshima yako, ila hapa sikubaliani nawe. Poulton alifariki 1867 na haki za wimbo wake zilikuwa zimekwisha zamani. Darby alipata nusu yake kupitia mkewe. Sasa aliyeibiwa ni nani?

Halafu unamchukulia Elvis kama mtu wa kuingia studio, kuimba na kuondoka. Julai 1956, New York, alirudia "Hound Dog" mara 31 mpaka akaridhika mwenyewe. Wimbo ukitoka mikononi mwake unakuwa kitu kingine kabisa. Na Otis Blackwell, aliyetunga "Don't Be Cruel", alikubali Elvis aandikwe pamoja naye. Nusu ya wimbo unaonunuliwa na mamilioni ni afadhali kuliko wimbo mzima unaolala kabatini.

Mleta mada:

Ndugu yangu, hoja ya mara 31 ni nzito na sitaikwepa. Ni kweli, studio aliitawala. Kazi hiyo ina jina lake: ni utayarishaji wa muziki. Alistahili kuandikwa mtayarishaji, na hakuandikwa. Kwa hiyo alinyimwa sifa aliyoivujia jasho akapewa ya mtu mwingine. Hilo nalo halimtendei haki Elvis mwenyewe.

Kuhusu Blackwell, tuangalie alikubali akiwa katika hali gani. Inajulikana kuwa mkesha wa Krismasi 1955 aliuza nyimbo sita kwa dola 25 kila mmoja. Mtu mweusi wa Brooklyn mwenye shida ya fedha, mbele yake kuna jina kubwa kuliko yote nchini, anaambiwa atoe nusu ama wimbo usiimbwe. Kusema "alikubali" na kuishia hapo ni kumwonea mara ya pili.

Na msidhani haikuwezekana kufanya vingine. Mwaka mmoja tu baadaye, 1957, ilihitajika miziki ya filamu ya Jailhouse Rock. Watunzi Jerry Leiber na Mike Stoller walikuwa New York wakistarehe, hawajaandika hata mstari. Mchapishaji Jean Aberbach akaingia chumbani kwao hotelini, akasukuma kochi mpaka mlangoni, akalala juu yake. Hawakutoka mpaka wamemaliza nyimbo nne. Elvis akaanza kuzirekodi Radio Recorders, Hollywood, tarehe 30 Aprili. Tazama santuri ya wimbo uliobeba jina la filamu: watunzi ni Leiber na Stoller, basi. Elvis alipata fungu lake upande wa uchapishaji, yaani fedha za kampuni inayosimamia haki za wimbo, kwa kuwa wimbo ulipitia kampuni iliyobeba jina lake, Elvis Presley Music. Fedha aliingiza, na jina la mtu halikuguswa.

Mwaka 1974 upande wa Elvis ulitaka nusu ya haki za uchapishaji za "I Will Always Love You", na mtunzi wake, Dolly Parton, akakataa, ingawa alitamani sana Elvis auimbe. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwenye filamu ya The Bodyguard, na haki zote zilikuwa bado mkononi mwa Dolly.

Kwa hiyo nakuuliza wewe na wote mnaoutetea utaratibu ule: kama kuimba kwa Elvis kulistahili nusu ya utunzi kwa Blackwell, kwa nini kwa Leiber na Stoller hakukustahili hata robo?