Rubani asiyefuzu kuruka kwa ala azuiwe kuruka usiku?

Mtoa mada: Usiku wa Julai 16, 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani, aliondoka New Jersey akirusha mwenyewe ndege yake ya injini moja, Piper Saratoga, akiwa na mkewe na shemeji yake, nao wote watatu wakafa baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard. Hakuwa amefuzu kuruka kwa kutegemea ala, yaani vipimo vya ndani ya ndege bila kutazama nje, lakini sheria ya Marekani ilimruhusu na hata leo ingemruhusu, kwa kuwa hupima umbali wa kuona mbele, wala haiulizi kama upeo wa macho unaonekana. Nasema ruhusa hiyo ifutwe.

Nahodha: Hapa sheria haina kosa, hiki ni kiburi cha kitajiri. Mwalimu wa urubani alijitolea kumsindikiza, Kennedy akakataa. Wavuvi wetu huvuka Mkondo wa Pemba gizani, na hakuna anayewadai cheti.

Bi Rehani: Ndugu Nahodha, mimi ni binti wa mvuvi, na mfano wako umeniudhi. Baba akipotewa na njia alitia nanga akangoja alfajiri, ilhali ndege haina nanga. Ikigeuka polepole juu ya maji meusi, majimaji ya sikio la ndani hutulia, rubani akahisi amenyooka kumbe amelala upande; akivuta usukani apande, huubana mzunguko na kuzidi kushuka.

Nahodha: Sikumgusa mzee wako, dada. Nimesema kiburi, na mguu wa Kennedy wenyewe ulikuwa na plasta.

Mtoa mada: Plasta ilitolewa siku moja kabla, na wachunguzi hawakuuhesabu mguu kuwa chanzo. Walisema alipoteza mwelekeo, wakataja utusitusi na giza kuwa vilichangia.

Kibarua: Cheti cha ala nacho hakiokoi. Rubani wa helikopta ya Kobe Bryant, yule mchezaji wa mpira wa kikapu, alikuwa nacho, na usiku ule walikufa watu tisa.

Bi Rehani: Ilikuwa asubuhi, Januari 26, 2020, ndani ya mawingu. Hata hivyo umenisaidia: kama mwenye cheti hupotea, asiye nacho je? Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasiofunzwa ala kwa kuwaziba wasione nje, na wote wakashindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178.

Mtoa mada: Basi nalegeza kauli yangu: tusidai cheti tu, tudai mazoezi ya karibuni, walau kwa safari za juu ya maji.

Nahodha: Mmezunguka kote huko, na bado hamjanijibu: mwalimu alikataliwa kwa nini?

Bi Rehani: Kennedy alisema anataka kuifanya safari hiyo peke yake. Alikuwa na saa 310 hivi angani na alikuwa katikati ya mafunzo ya ala, na mwanafunzi wa kiwango hicho hutamani kujipima. Neno kiburi umelileta wewe.