Tupeane uzoefu: ustawi wa jamii walipoingia nyumbani kwenu, walisaidia nini hasa?

Mama Wawili (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu zangu. Kila wakitajwa maafisa ustawi wa jamii, nasikia maneno yale yale: "Hao ndio wanaochukua watoto wa watu." Hofu hiyo inawafanya wazazi wafunge mlango wakati wanapohitaji msaada kuliko wakati mwingine wowote. Nimeona tuelezane yaliyotukuta wenyewe.

Kwetu walikuja mume wangu alipokuwa mgonjwa na mimi nimeelemewa. Mwanangu mkubwa, akiwa darasa la tatu, alianza kukosa shule ili abaki na mdogo wake. Mwalimu aliona, akatoa taarifa. Yule dada afisa alipoingia nilikaa nikisubiri kuhukumiwa. Hakuanza na maswali. Alimpa mtoto karatasi na penseli, akamwomba achore nyumba yetu na watu wanaoishi humo. Mtoto akajichora amembeba mdogo wake mgongoni, mimi nimelala, baba yake hayumo kabisa. Afisa akaitazama ile picha, kisha akanigeukia mimi: "Mama, wewe unapata usingizi?" Nililia pale pale. Tangu ugonjwa uingie ndani, watu walikuwa wakimuulizia mgonjwa tu.

Baadaye tuliandika mpango kwenye karatasi moja. Upande mmoja yaliyo juu yetu: mtoto afike shule, mdogo apelekwe kliniki, mimi nihudhurie kwa mnasihi. Upande wa pili yaliyo juu yao: nafasi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, barua ya kuombea msamaha wa gharama za matibabu, na mtu wa kuja kututembelea. Kila jambo lilikuwa na jina la mhusika na tarehe. Karatasi hiyo ndiyo iliyonitoa hofu, kwa sababu niliona na wao wamejifunga.

Naomba atakayechangia asiishie kwenye "walitusaidia sana" au "hawana maana." Tuambie walifanya nini. Majina ya watu na ofisi tuyaache.

Bibi Mlezi

Wanangu, mimi nalea wajukuu watatu baada ya mama yao kufariki. Watu wanadhani bibi akishachukua wajukuu mambo yamekwisha. Hayajaisha. Ukienda hospitali unaulizwa wewe ni nani kwa huyu mtoto. Ukienda shule, unaulizwa cheti cha kuzaliwa. Afisa alinisaidia nitambuliwe kisheria kuwa mlezi wao, akafuatilia vyeti, na akasimama kidete watoto wasigawanywe kwa ndugu mmoja mmoja, maana wazo hilo lilikuwepo kwenye familia.

Lakini nililotaka kulisema hasa ni la yule wa kati. Alikuwa akificha chakula chini ya godoro. Nakuta mabaki yameshaota ukungu. Nikimgombeza, anaficha kwingine. Mnasihi akaniambia, "Bibi, huyu si mwizi. Aliwahi kulala njaa, mwili wake bado unakumbuka." Akanishauri nimpe kopo lake lenye mfuniko, liwe la kwake, niweke humo kitu kikavu kisichoharibika, na kila likipungua nilijaze bila neno. Mwanzoni alikuwa analifungua usiku kuangalia kama kimo. Anafunga, analala. Ikafika siku nikakuta kopo limejaa vumbi juu ya kabati. Mimi nimelea watoto wangu wote wakakua, lakini hilo la kopo sikuwahi kulisikia kwa mtu.

Mama Wawili

Shikamoo Bibi. Hili la kopo naliandika pembeni, nina shoga yangu anapitia jambo hilo hilo na mtoto wa dada yake.

Muuguzi wa Mtaa

Naongezea upande wetu wa afya. Kutembelea familia nyumbani mapema, kabla mambo hayajaharibika, kumepimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Elmira, jimbo la New York, David Olds na wenzake waliwapeleka wauguzi kwa wanawake waliokuwa na mimba ya kwanza, wengi wao vijana, wasio na mwenza au wenye kipato kidogo. Muuguzi alianza kuja wakati wa ujauzito na kuendelea mpaka mtoto afike miaka 2. Watoto walipofuatiliwa mpaka umri wa miaka 15, taarifa za kuteswa au kutelekezwa zilikuwa chache kwa waliotembelewa muda wote huo kuliko kwa wasiotembelewa. Nami kazini naliona hilo. Mama mwenye mtu wa kumuuliza saa ambayo mtoto halali hafiki mbali kwa hasira.

Baba wa Zamu ya Usiku

Mimi jirani alinishitaki. Nilifiwa na mke, kazi yangu ni ya usiku, watoto wakawa wanalala peke yao, mkubwa ana miaka kumi. Jirani alipiga simu. Niseme ukweli, niliumia na niliona ni uchochezi. Afisa alifika jioni kabla sijatoka kwenda kazini. Nilijua siku hiyo nalala bila watoto.

Aliniuliza nikiacha zamu ya usiku, familia itakula nini. Nikamweleza. Akaniuliza ndugu zangu na wa marehemu wako wapi. Nikasema wapo, ila tangu msiba hatuelewani. Akasema, "Basi tuwaite." Akaandaa kikao: dada zangu wawili, mama mkwe, shemeji na yule yule jirani. Afisa alieleza hali ilivyo na kitu kimoja ambacho hakina mjadala, kwamba watoto wasilale bila mtu mzima. Halafu akatoka nje, akatuachia chumba tupange wenyewe.

Ndugu zangu, mle ndani maneno yalikuwa makali. Mama mkwe aliniambia mbele ya wote kwamba sikumpigia simu tangu mazishi, na alikuwa sahihi. Baada ya hapo ndipo mtu akasema, "Haya, Jumatatu nani analala pale?" Ratiba ilitoka kwa familia, afisa alirudi akaikagua, akaisaini na kuweka siku ya kuja kuangalia kama inafuatwa. Kazini kwangu waliandikiwa barua, nikahamishiwa mchana baada ya muda. Watoto hawakutoka nyumbani hata usiku mmoja.

Mwanafunzi wa Ustawi

Kaka, hicho kikao kina historia. New Zealand walikiweka kwenye sheria yao ya watoto na familia ya mwaka 1989, baada ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kulalamika kwamba watoto wao walikuwa wakiondolewa na maafisa wasioijua wala kuithamini familia pana. Hata kule afisa kutoka nje ya chumba ni sehemu ya utaratibu: familia ipewe muda wake faragha. Nchi nyingi zimeuchukua. Nimefurahi kusikia ulivyokuwa kwa mtu aliyekaa ndani yake.

Kijana wa Malezi ya Kambo

Mimi naongea upande wa mtoto, kwa sababu hapa wazazi ni wengi. Niliondolewa nyumbani nikiwa mdogo, na ilikuwa lazima, sina ubishi na hilo. Nililelewa na familia ya kambo, yaani familia nyingine iliyokabidhiwa kunilea. Walinipenda.

Kilichoniumiza ni maafisa kubadilika. Kila anayekuja ana faili mkononi lakini anataka nimsimulie upya tangu mwanzo. Mtoto anachoka. Ikafika mahali nikawa nasimulia kwa sauti moja kama anayesoma tangazo, na mmoja akaandika kwamba "mtoto hana hisia." Ofisi zinazosoma hapa, tafadhali someni faili kabla ya kuja, na afisa anayeondoka aje aage. Ni dakika chache tu.

Aliyenisaidia ni mmoja aliyetengeneza nami kitabu cha maisha yangu. Daftari la kawaida. Tuliweka nilikozaliwa, picha ya mama, jina la shule ya kwanza, ramani ya nyumba nilizopitia, na ukurasa wenye maneno mepesi yanayoeleza kwa nini sikukaa na mama: alikuwa mgonjwa wa akili na hakuweza kunitunza kwa usalama, na halikuwa kosa langu. Sentensi hiyo ya mwisho alinitaka niiandike kwa mkono wangu. Miaka yote nilikuwa naamini nilifukuzwa kwa sababu ya kulia sana usiku. Hakuna aliyewahi kuniuliza naamini nini. Sasa mimi ni mtu mzima na daftari ninalo.

Bibi Mlezi

Pole sana mjukuu wangu. Umesema jambo zito. Nami nitawatengenezea hawa wangu.

Mwalimu

Kwa walimu wenzangu, kwa ufupi, maana kesi nyingi zinaanzia kwetu. Mtoto akikueleza jambo la kuumizwa, usimuahidi kwamba utalifanya siri, kwa sababu hutaweza, na ahadi ikivunjika hatasema tena. Usimhoji kwa maswali ya kumwekea maneno mdomoni. Msikilize, mwambie umefanya vizuri kusema, andika siku hiyo hiyo maneno yake kama alivyoyatamka, kisha mpe taarifa anayehusika. Uchunguzi si kazi yetu. Na mtoto anayesinzia darasani au kuchelewa kila siku, tuanze kwa kumuuliza, fimbo si jibu.

Mama wa Mwenye Ulemavu

Mimi sikuwa na shida ya ugomvi wala njaa. Nilikuwa nimechoka tu. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, anahitaji kubebwa, kugeuzwa, kulishwa. Nilichopewa ni mlezi aliyefunzwa wa kukaa naye siku moja kwa wiki ili nipumzike. Siku ya kwanza nililala mpaka jioni. Tusiidharau huduma hii kwa kuwa haionekani kubwa. Mzazi anayepumzika anaweza kuendelea miaka mingi.

Msomaji Kimya

Nimesoma yote. Naomba niulize bila kueleza mengi. Maisha ni magumu kwetu, kuna siku hakuna kitu ndani. Nikienda mwenyewe kuomba msaada, si watasema sina uwezo, wachukue watoto?

Afisa Mstaafu

Dada yangu, swali lako nimelisikia kazini maisha yangu yote, acha nikujibu kwa kirefu.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 9, unasema mtoto asitenganishwe na wazazi wake pasipo ridhaa yao, isipokuwa mamlaka husika ziamue kwa mujibu wa sheria kwamba ni lazima kwa maslahi bora ya mtoto, na uamuzi huo uweze kupitiwa na mahakama. Inatajwa mifano ya kuteswa au kutelekezwa. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ukatoa miongozo ya malezi mbadala inayotamka wazi kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumwondoa mtoto. Unapaswa kuchukuliwa kama ishara kwamba familia inahitaji kusaidiwa. Kwa hiyo mzazi anayekuja mwenyewe na kusema "nimekwama" ananipa mimi kazi ya kumtafutia msaada.

Sisemi kila ofisi inafuata. Nimeona watoto wakipelekwa makao ya watoto kwa sababu tu kitanda kilikuwepo huko na msaada wa nyumbani haukuwepo, na hilo lilinikosesha amani. Gharama yake kwa mtoto inajulikana. Huko Romania, baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, ilidhihirika kuwa watoto wengi mno walikuwa wakikulia kwenye taasisi, yaani makao kama hayo. Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto 136 mjini Bucharest. Nusu walipelekwa kwa familia za kambo zilizoandaliwa na kusaidiwa, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Waliopata familia walipiga hatua kiakili na katika kushikamana na mlezi, hasa waliotoka kabla ya kufikisha miaka 2. Taasisi hata ikiwa safi haiwezi kumpa mtoto mchanga mtu wake mmoja.

Sasa ukienda, fanya hivi. Nenda na mtu unayemwamini. Eleza watoto wanakosa nini hasa, na eleza pia unayoyafanya vizuri, kwa sababu afisa anatakiwa kuyaandika yote mawili. Kabla hujatoka, uliza mpango uliokubaliwa ni upi, nani anahusika na kipi, mtaonana lini tena, na usiporidhika ulalamike wapi. Omba nakala. Kama watoto wana umri wa kujieleza, nao wana haki ya kusikilizwa, hiyo ni ibara ya 12.

Niongeze kwa wote: mtoto akiwa anapigwa au kuingiliwa kimwili, hapo msisubiri kikao wala mpango. Toeni taarifa saa hiyo hiyo.

Msomaji Kimya

Asante baba. Nitaenda na dada yangu wiki ijayo. Niende na kadi za kliniki pia?

Afisa Mstaafu

Ndiyo, nenda nazo, na vyeti vya kuzaliwa kama vipo. Kama havipo usiache kwenda, watakusaidia kuvifuatilia.

Mama Wawili

Dada, ukishaenda turudishie majibu hapa. Na wengine endeleeni, hasa mliowahi kukataliwa msaada mara ya kwanza mkaupata baadaye. Mlipitia njia gani?