Waongoza matembezi ya msituni, hivi wa nyuma si watu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na magoti yanauma, mnivumilie.

Jumamosi tulikuwa watu 14. Matembezi mafupi, kilomita 4 tu, hakuna njia, tunakata msitu hadi juu ya jabali. Kiongozi akapiga hesabu: saa moja, tumefika. Saa moja ya wapi? Hata kanuni ya Naismith ya kukadiria muda wa kutembea milimani, ya tangu 1892, inakupa kilomita 5 kwa saa halafu inakutaka uongeze saa nzima kwa kila mita 600 za kupanda, tena hapo uko kwenye njia nzuri. Sisi tulikuwa tunaruka magogo na kuchomoa miba kwenye suruali.

Lakini lililonichefua hasa ni mapumziko. Wa mbele wanafika, wanakaa, wanakunywa maji, wanapigana picha. Sisi wa mkiani tukitokea tunahema, mtu anapiga makofi: "Haya, tumetimia, twende!" Tumetimia? Hujahesabu hata kichwa kimoja! Mara tatu hivyo hivyo. Yaani aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika.

Sasa sikieni. Chini ya mti mmoja mkubwa, shina limechafuka kinyesi cheupe, nikaona kitonge cha kijivu, urefu wa kidole gumba. Nikakipasua kwa kijiti: manyoya matupu, na katikati taya la panya, meno bado yamo. Bundi hameng'enyi manyoya wala mifupa, huvitema. Nikainua macho polepole, huyo hapo! Kajibana kwenye shina, rangi moja na gome. Nikaita kwa kunong'ona. Nani aitike? Wenzangu walishapotelea huko mbele na spika yao ya muziki. Bundi akaruka, sikusikia hata bawa.

Kugeuka, kundi halipo. Nyayo hakuna, majani makavu tu. Nikatembea kama dakika 20 nikiufuata ule muziki. Spika niliyoilaani asubuhi nzima ndiyo iliyonitoa msituni, na hilo linaniuma kuliko magoti.

Mandhari ya juu? Mazuri, sikatai. Ukungu ulikuwa ukijikunjua kutoka bondeni. Niliyaona dakika tatu, kisha makofi.

Nimemwandikia kiongozi, kanijibu nifanye mazoezi. Safari ijayo kapanga kilomita 7. Kama kuna anayejua kundi linaloweka mtu wa kufunga mkia, aniunganishe.