Naomba ushauri: kupanga milo ya familia ili kupunguza gharama

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kuhusu kupanga milo ya wiki nzima ili fedha ya chakula itoshe. Kabla ya kuandika orodha ya manunuzi huwa nakagua akiba iliyopo jikoni, na vyakula vinavyoharibika haraka, hasa mboga za majani, navipangia siku za mwanzo, huku nafaka na kunde zikisubiri mwisho wa wiki. Kinachonitatiza ni viporo: hata vikihifadhiwa kwenye jokofu vinapaswa kuliwa ndani ya siku 3 hadi 4, lakini watoto huvikataa, na kumwaga chakula kunaniuma sana. Je, wenzangu mnapika kidogo kidogo kila siku, ingawa nishati hutumika zaidi, au mnavigeuza viporo kuwa mlo mwingine, na kwa namna gani?