Nina nusu siku New York, mabaki ya ile stesheni ya Penn iliyovunjwa nitayaona wapi?

MtotoWaGengi
Mwadila wakuu. Mwezi ujao ofisi inanituma New York wiki moja kwenye semina, na nikipiga hesabu muda wa kuzurura ni nusu siku tu basi. Kila mtu ananiambia kaone sanamu ya uhuru, kanunue viatu, mimi nataka stesheni ya Penn. Siyo hii ya sasa, ile ya zamani waliyoibomoa.

Sababu ni mzee wangu. Alikuwa gengi la reli, wale wa kutengeneza njia, kaanzia Malampaka kamalizia Mwanza South, na sebuleni kwetu Igogo ukitoa picha ya Nyerere ukutani kulikuwa na picha nyingine moja tu, nayo ni hiyo stesheni. Kaikata kwenye gazeti, nyeusi na nyeupe, ukumbi mrefu kama makanisa matatu yameunganishwa, jua linaingia madirisha ya juu linashuka kimshazari hadi sakafuni, watu chini kama siafu. Kona moja mende walishaitafuna. Mgeni akija hata chai hajanywa mzee ameshaanza, "hii wameifungua 1910, 1963 wakaanza kuivunja, hata miaka 60 haikufika," halafu ananyoosha kidole dirishani kuelekea relini, "hii yetu ya Tabora imefika hapa 1928 na bado inabeba." Anavyoisema utadhani kaishinda Marekani yeye binafsi.

Ametutoka miaka minne sasa. Picha ninayo. Kuna kilichobaki kule cha kushika kwa mkono au nitaishia kuangalia ghorofa?

Sangara_Kirumba
Beba spana mkuu, ukikuta taruma limelegea kaza uondoke 😂 damu ya gengi hiyo

BintiNyegezi
Pole kwa mzee kaka. Mimi nakaa New Jersey na napita Penn karibu kila siku kwenda kazini, kwa hiyo hapa umefika kwa mwenyewe.

Kwanza uelewe kilichovunjwa ni cha juu. Reli na majukwaa yako chini ya ardhi na yalibaki, treni zilikuwa zinapita chini huku juu wanabomoa, halafu juu ya hapo ndo wakaweka uwanja wa Madison Square Garden uliofunguliwa 1968. Yaani ukishuka jukwaani umesimama palepale walipokuwa wanapandia treni wale siafu wa mzee.

Ukifika chini achana na mabango, angalia ngazi. Nyingi wamebadilisha ila zipo chache za tangu 1910, utazijua kwa sehemu ya kushikia, ni shaba. Mimi nimezishika kama mwaka mzima nakimbia zangu bila kujua, mpaka siku moja treni imechelewa nikaegemea pale nikaona shaba inang'aa katikati tu, kule viganja vinakopita, na kwa pembeni imekuwa ya kahawia kama sufuria la bibi. Hiyo ndo ya kushika. Hakuna kibao kinachokuambia, watu wanapita tu.

Halafu inua kichwa. Sakafu ya ukumbi wa zamani ilikuwa na vipande vya kioo vimepangwa ili jua likitoka kwenye paa la kioo lipenye mpaka chini kwenye reli. Ukiwa jukwaani sehemu fulani unaviona kwa chini, sasa hivi ni giza maana juu wameshafunika.

Kwa nje, walikuwepo tai 22 wa mawe, kila mmoja zaidi ya tani mbili. Wawili mara ya mwisho niliwaona upande wa Seventh Avenue. Wanne wako Philadelphia darajani, huko hutafika. Ilikuwepo pia sanamu ya mwanamke wanaemwita Usiku, nayo utaikuta Brooklyn Museum, na nyingine wamezipeleka Kansas City wakazitengenezea chemchemi. Na pale mtaa wa 31 kuna jengo lililokuwa na mitambo ya umeme ya stesheni, granaiti ya pinki ileile ila imekolea masizi. Linazungumzwa kubomolewa hilo so wahi.

Mawe mengine mengi, nguzo na masanamu, yalimwagwa kwenye kinamasi cha Secaucus huku kwetu. Treni yangu inapita huko, ukichungulia ni matete tu kama ya Luchelele.

JiweKuu
Subiri kwanza. Wametupa granaiti ILIYOCHONGWA kwenye matope?? Mama yangu kanisomesha kwa kuponda kokoto pale mlimani, anachoma jiwe kwa matairi lipasuke halafu nyundo asubuhi mpaka jioni, ndoo kwa ndoo, leo nasikia kuna watu walikuwa na nguzo 84 za granaiti wakaziona takataka. Nimeumia kweli. Kwani nani aliwatuma?

BintiNyegezi
Njaa ndugu yangu. Kampuni ya reli ilikuwa inakula hasara, abiria wamehamia kwenye magari na ndege, jengo ni kubwa kulisafisha tu ni mzigo, wakauza haki ya kujenga juu ya stesheni. Kilio kilikuja mali ishakwenda. 1965 jiji likapitisha sheria ya kulinda majengo ya zamani, na sheria hiyo ndo iliyoiokoa stesheni nyingine ya New York, Grand Central, kesi ilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi, ikaamuliwa 1978. Kaka ukibakiwa na dakika 20 pita huko, utapata kidogo kile cha kwenye picha.

MzeeWaBehewa
Wajukuu salamu. Nimekaa kimya nasoma lakini niseme neno kwa huyu wa gengi. Baba yako alisema kweli ila wewe unaenda kushika shaba ya watu, je Mwanza South umeshashuka? Pale mabehewa yalipokuwa yanaingizwa kwenye meli ya MV Umoja kwenda Port Bell na Kisumu, unasimama unaona reli inakwenda inaishia majini. Mimi nimelala pale usiku mwingi tunasubiri meli, mbu wa kutosha, dagaa wa kukaanga kwenye gazeti. Hakuna anayepiga picha. Sasa SGR ya kutoka Isaka kilomita 341 inakuja, na mimi naifurahia sana msinielewe vibaya, lakini ikishafika hii ya zamani nani ataitazama tena. Kapige picha dirisha la tiketi, kapige mabenchi, kabla hujapanda ndege.

Na kitu kingine, mabaki ya reli kila mtu hapa anayo hajui tu. Kengele ya shule uliyosoma ilikuwa nini?

MtotoWaGengi
Dah mzee shikamoo, umenikamata. Kengele ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe, na aliyekipeleka ni baba mwenyewe, nilikuwa darasa la pili, kakibeba na wenzake wawili kwenye mkokoteni. Hatukuuliza kakitoa wapi.

Sangara_Kirumba
Na sisi hatuulizi 🤐 wenye reli wasije wakasoma

MzeeWaBehewa
Marahaba. Vipande vilivyokwisha kazi vilikuwepo vingi, msimchafue marehemu. Nenda ukakague ubavuni, kwenye shingo ya reli huwa kuna maandishi yametokeza, kiwanda na mwaka.

MtotoWaGengi
Wakuu nimerudi. Jumamosi nimeenda, mwembe umekatwa ila kipande kipo, wamekihamishia kwenye nguzo ya goli wamekipaka bluu na nyeupe. Mlinzi kaniangalia kama kichaa nimepiga magoti nakwangua rangi kwa ufunguo wa pikipiki. Jina la kiwanda halisomeki. Mwaka upo, 192 halafu tarakimu ya mwisho imeliwa, ndo hapo wanapogongea.

Nimeweka kiganja hapo. Panang'aa.

BintiNyegezi nicheki inbox unielekeze hizo ngazi ziko jukwaa gani, maana nikipotea nusu siku yangu imekwisha.