Kulungu wanapita mbele ya kamera usiku tu, mchana siwaoni

Kutoka: Kamau, Brooklyn Park, Minnesota

Wadau, hamjambo. Leo nina swali la porini, si la karatasi za uhamiaji.

Mwenzangu wa kazini amenikaribisha kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwenye shamba la familia yao, Kaunti ya Winona, kule kwenye magenge karibu na mto Whitewater. Kozi ya usalama wa silaha nimeshamaliza (huku Minnesota ni lazima kwa aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979), leseni ninayo, upinde ninao. Shida ni wanyama wenyewe. Chini ya genge kuna mahali dume amechimbachimba udongo kwa kwato chini ya tawi, mkojo unanuka mpaka unakukaba koo, na miti midogo ya pale imechubuliwa maganda kwa pembe. Nikafunga kamera. Kuna madume wawili wakubwa haswa, lakini kila picha ni ya saa tano usiku, saa saba, saa tisa. Nikikaa pale jioni naona kuchakuro tu na majani yakianguka.

Mnajua kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo sina mzee kijijini wa kumpigia simu. Mwenzangu anasema ninunue mkojo wa kulungu wa chupa wa kuwavutia, na pembe za kugonganisha ili nisikike kama madume wanaopigana. Kabla sijatoa dola zangu, nauliza wenye uzoefu.

Kutoka: Baba Neema, Rochester, Minnesota

Kamau mdogo wangu, salama? Dola zako ziache mfukoni kwanza.

Pale ulipopaona si mahali pa dume kukaa, ni sanduku lake la barua. Anafika, anasugua paji la uso na tezi zilizo karibu na jicho kwenye lile tawi linaloning'inia, anaparua udongo, kisha anajikojolea miguu ya nyuma, pale kwenye manyoya yenye tezi kwa ndani ya kiungo, mkojo uchuruzike hadi chini. Wengine wakipita wananusa na kujua nani yupo. Kazi hiyo wanaifanya zaidi giza likishaingia. Kamera yako haikudanganyi, wewe ndiye unayemsubiri saa ambazo hayupo.

Sasa jiulize, saa kumi jioni yuko wapi? Amelala anacheua. Kulungu ni mcheuaji kama mbuzi wa nyumbani: anakula upesi upesi mahali pa wazi, anajaza tumbo, halafu anakwenda kujificha acheue kwa utulivu. Siku yake nzima ni safari kati ya malalo na chakula, na safari hizo zinaangukia zaidi alfajiri na machweo. Akitoka malaloni dakika ishirini kabla ya giza na wewe umekaa mbali naye upande wa chakula, atakufikia saa za kupiga zimeshapita. Huku mwisho ni nusu saa baada ya jua kuzama. Kwa hiyo sogea nyuma, uelekee malalo, ukaribie kadiri upepo utakavyokuruhusu.

Kwenye magenge kama hayo yenu dume hupenda kulala theluthi ya juu ya mteremko, si kileleni wala bondeni. Upepo unavuka kilele na kushuka mgongoni pake ukimletea harufu ya kila kitu kilicho nyuma, na macho yake yanatazama bonde lote chini. Pua inalinda nyuma, macho yanalinda mbele. Ukipanda kumfuata kutoka bondeni atakuona ungali mbali, na ukishuka kutoka juu atakunusa. Ndiyo maana unamwendea kwa ubavu, ukifuata mteremko kwenye kimo kilekile, upepo ukikupiga shavuni au usoni.

Chakula cha mwisho wa Oktoba huko ni mbegu za mialoni. Tafuta mwaloni mweupe, ule wenye majani yaliyoviringika ncha. Mbegu zake hazina uchungu mwingi, kwa hiyo kulungu anazipitia kwanza kabla ya zile za mwaloni mwekundu wenye majani ya ncha kali. Ukikuta vikombe vya mbegu vimepasuka na kinyesi bado kinang'aa, wanakula hapo sasa hivi. Kinyesi kikavu hakina habari, kipite. Mashamba ya soya na mahindi nayo wanayaendea, ila mazao yakishavunwa wanabaki na masazo tu na msitu unarudi kuwa jikoni.

Halafu hewa ya milimani, ambayo watu wa tambarare hawaijui. Utabiri wa simu unakwambia upepo wa kaskazini-magharibi, lakini ndani ya korongo hewa ina mambo yake. Jua likizama hewa inapoa na kuteremka polepole kufuata makorongo mpaka kijitoni. Asubuhi inaendelea kuteremka hadi jua lipate nguvu kwenye mteremko, kisha inageuka na kuanza kupanda. Ukikaa jioni juu ya lile sanduku la barua, harufu yako inalimwagikia lote na korongo lote chini yake. Jioni kaa chini ya njia yake, harufu ikimbilie kijitoni ambako hapiti. Asubuhi jua likishapanda, kaa juu.

Usinunue kipima-upepo. Kando ya barabara huku kuna mmea wenye maganda yanayopasuka Oktoba na kutoa sufi laini nyeupe. Jaza mfukoni. Ukiwa mtini achia nyuzi moja moja na uzifuate kwa macho. Utaiona moja inakwenda mbele yako hatua thelathini, inasita, inazunguka, inarudi nyuma yako. Hapo ndipo utaelewa kwa nini jioni nyingine unasikia mkoromo wa pua gizani: ni kulungu amekunusa.

Kutoka: Salim, Columbus, Ohio

Assalaam alaykum jamaa. Shikamoo Baba Neema.

Niongeze la harufu, maana sisi watu wa Mombasa tuna tatizo letu maalumu. Nguo za kuwindia zisilale kabati moja na nguo za Ijumaa. Udi ukishaingia kwenye koti hautoki, na kulungu wa Ohio hajawahi kufukiziwa. Wala usivae koti porini ukiwa umetoka kukaanga vitunguu vya pilau. Mke wangu ananicheka, lakini nguo zangu zinakaa karakana ndani ya ndoo yenye mfuniko.

La pili ni rangi. Watu wanaogopa kile kizibao cha chungwa kinachotakiwa na sheria, wakidhani kinawaka machoni pa mnyama. Hakiwaki. Kulungu hapambanui chungwa na nyekundu vizuri, ila bluu anaiona sana. Kwa hiyo jinzi ndiyo inayokuuza, na zile sabuni za kufulia zinazong'arisha nguo ndizo zinazokufanya uwake alfajiri. Tafuta sabuni isiyo na king'arisha wala manukato. Kubwa kuliko yote, tulia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, na kinachomshtua ni mwendo. Mkono kwenda kukuna pua unatosha.

Kwa Waislamu wenzangu: mimi nasema Bismillahi ninapofyatua, na nikimkuta angali hai namchinja. Mengine muulizeni shekhe wenu.

Na Kamau, subiri mwezi mpevu wa Novemba, ndipo madume wanapopagawa.

Kutoka: Baba Neema

Marahaba Salim. Yote umesema kweli isipokuwa mwezi.

Kinachowasha msimu wa kupandana ni mchana kufupika. Jike anabeba mimba kama siku 200, na watoto huku wanazaliwa mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni, mwaka hata mwaka. Mwezi mpevu unahamahama kwenye kalenda, kuzaa hakuhami. Kama mwezi ndio ungeamua, tungeona watoto wa Aprili mwaka mmoja na wa Julai mwaka mwingine.

Kutoka: Salim, Columbus

Haya mzee, sibishani na kalenda. Lakini baridi ikishuka ghafla wanatembea zaidi mchana, hilo usininyang'anye.

Kutoka: Baba Neema

Hilo chukua. Wana koti la manyoya ya majira ya baridi tayari, na siku ya joto la Novemba hakuna anayetaka kutembea nalo juani.

Kutoka: Mama Zawadi, Cedar Rapids, Iowa

Jambo ndugu zangu. Kabla hamjaendelea na mapenzi ya kulungu, naomba tuseme la karatasi, maana kwenye orodha hii kuna wanafunzi na watu wa viza. Mwenye green card sheria ya shirikisho haimzuii kumiliki bunduki kwa sababu ya uhamiaji. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, amekatazwa kushika bunduki na risasi, isipokuwa ana moja ya ruhusa zilizotajwa na sheria, na inayotumika zaidi ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo la Marekani. Leseni ikiisha muda wake, ruhusa nayo imekwisha. Asiye na makaratasi asiiguse hata ya kupigia picha. Upinde hauhesabiwi silaha ya moto kwenye sheria hiyo, lakini leseni ya kuwinda bado unaihitaji. Ukiwa na kesi yoyote uliyowahi kuwa nayo mahakamani, ongea na wakili kwanza.

Sasa la porini. Ninyi wanaume mnaongea madume tu, na jike mzee ndiye askari wa pori. Anatembea na mabinti zake na watoto wao, na akikushuku yeye hakuna dume atakayetokea jioni hiyo. Juzi mmoja alisimama chini ya mti wangu, karibu hata ningemtupia kofia. Alinyoosha shingo, akapandisha kichwa na kukishusha, akapiga kwato moja chini, tap. Akainamisha kichwa kama anataka kula. Hakula. Alikiinua ghafla kuona kama nitakuwa nimesogea. Akarudia hivyo tena na tena, mimi jicho nimelifumba nusu, natazama kando yake. Mwishowe akapunga mkia kidogo kushoto na kulia, akaendelea na njia. Ukiona mkia unapungwa hivyo polepole, ametulia. Ukisimama wima mweupe pe, amekwenda, na kila aliyeuona anakwenda naye.

Kwa hiyo Kamau, akianza kuinamisha kichwa usidhani amekusamehe ukainua upinde. Subiri alipeleke sikio kwingine na mguu wa mbele uondoke.

Kutoka: Kamau, Brooklyn Park

Shikamooni nyote. Mama Zawadi, huo ndio mchezo nilichezewa mimi.

Nimepanda upande wa genge jana mchana kwa ubavu kama Baba Neema alivyosema. Nimekuta malalo matatu kwenye majani, yamebonyea, nywele zimo, na mialoni miwili meupe chini yake. Swali moja la mwisho. Msimu wa bunduki unafunguka Jumamosi iliyo karibu na tarehe 6 Novemba. Nikae palepale pa malalo ya dume?

Kutoka: Baba Neema

Hapana, sasa mchezo unabadilika. Wiki hiyo dume hafuati tena tumbo, anatafuta majike walio kwenye joto, yaani walio tayari kupandwa. Anakata kwenye mgongo wa kilima, akipita ule upande ambako upepo wa malalo ya majike unaelekea, ili awakague wote kwa pua bila kuingia. Atatembea hata saa sita mchana. Tafuta mahali kilima kinapobonyea kama tandiko kati ya malalo mawili ya majike, ukae hapo mchana kutwa na chakula chako. Watu wengi wanashuka saa nne asubuhi kwenda kunywa kahawa, na kelele zao za kurudi garini zinakusukumia wanyama. Ikitokea pori limekuwa kimya kabisa, labda kila dume ameshapata jike wake na amemng'ang'ania siku moja au mbili mahali pamoja. Vumilia, akimaliza atatafuta mwingine. Majike ambao hawakushika mimba wanarudi kwenye joto baada ya siku kama 28, kwa hiyo Desemba kuna nafasi ndogo nyingine kwa upinde.

Pembe za kugonganisha ukizitaka zitumie mwanzo wa Novemba, majike wa joto wakiwa bado wachache. Na ujue dume atazunguka kuja kutoka upande wa pua, si wa macho. Mkojo wa chupa baadhi ya majimbo yameukataza kwa hofu ya CWD, ule ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo na kuua, soma kanuni za mwaka huu. Kuwawekea mahindi Minnesota ni kosa.

Ukishapiga usikimbilie. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, subiri nusu saa ufuate, hayuko mbali. Damu nyeusi yenye majani majani ni tumbo. Ondoka kimya, rudi baada ya muda wa saa sita au zaidi, la sivyo utamwamsha malaloni na kumpoteza. Kwenye kiti cha mtini funga mkanda kabla miguu haijaacha ardhi.

Kutoka: Mama Zawadi, Cedar Rapids

Na nyama haiuzwi, hata kwa jirani wa kanisani anayekuomba kwa bei nzuri. Gawa.

Kutoka: Baba Neema

Sawasawa mama. Kamau, upande huo wa kusini-mashariki CWD ipo. Haijathibitika kumwambukiza binadamu, lakini ushauri wa CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ni kutokula nyama ya mnyama aliyepatikana nayo, na kupika hakuuondoi ugonjwa. Usikate uti wa mgongo wala kichwa ukiwa na haraka, na kabla ya kubeba mzoga kuuleta Brooklyn Park soma kanuni za kuhamisha mizoga. Tezi za shingoni ndizo zinazopimwa. Fungia nyama kwa mafungu ya mnyama huyo peke yake mpaka majibu yatoke, usichanganye bucha na ya mwenzako. Idara ya Maliasili wanatangaza vituo vya kuacha vichwa kabla ya msimu kufunguka. Ukinipigia siku hiyo nitakuelekeza kilichoko njiani kwako.